Kabla Hujavaa Buti: Nasaha kwa Kijana Anayetaka Kujiunga na Jeshi

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kimenipa nafasi ya kuandika makala ya mafunzo, nami nimeonelea nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaliota usiku na mchana, lakini ni wachache tunaolijua vyema. Jambo lenyewe ni kujiunga na jeshi.

Mwanzoni mwa muhula wa kwanza mwalimu wetu wa Kiswahili alitaka kila mmoja wetu asimame na aseme angependa kufanya kazi gani baada ya masomo. Darasani mwetu tuko wanafunzi arobaini na wanane. Kumi na mmoja walisema wanataka kuwa wanajeshi, na mimi ni mmoja wao ingawa ni msichana. Mwalimu akatuuliza swali moja tu: "Haya, mtu huingiaje jeshini?" Kimya kikatanda. Kisha mvulana mmoja wa nyuma akajibu, "Unatoa kitu kidogo, mwalimu!" Darasa zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Sababu yake mtaiona humu ndani. Siku hiyo ndipo nilipoamua kuuliza na kusoma, kwa kuwa wahenga walisema kuuliza si ujinga.

JESHI NI KITU GANI?

Kwanza tusichanganye mambo. Wengi wetu tukimwona mtu yeyote mwenye bunduki tunasema ni jeshi. Polisi si jeshi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 239, inataja vyombo vitatu vya usalama wa taifa: Majeshi ya Ulinzi, Idara ya Ujasusi na Huduma ya Polisi. Kila chombo kina kazi yake.

Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, ambayo watu huyaita KDF, yana matawi matatu, yaani jeshi la nchi kavu, jeshi la wanahewa na jeshi la wanamaji. Kifungu cha 241 kinasema kazi yao ni kulinda nchi na mipaka yake. Pia husaidia wakati wa maafa, kama vile mwaka 2024 mafuriko yalipowafukuza watu makwao na wanajeshi wakatumwa kuwaokoa. Jeshi likitakiwa kurejesha amani mahali penye ghasia humu nchini, ni lazima Bunge la Taifa liidhinishe. Kwa hivyo, ewe mwenzangu unayetaka kuvaa magwanda ili ukawatishe watu wa kijijini kwenu, fahamu mapema kwamba bunduki ile si yako. Ni ya wananchi, na hutumika kwa sheria.

Historia nayo ina mafunzo yake. Wakati wa ukoloni babu zetu walitumikia kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902. Katika Vita Vikuu vya Kwanza maelfu kwa maelfu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na mtaa wa Kariokor jijini Nairobi unabeba jina la kikosi chao hadi leo. Tulipopata uhuru Desemba 1963, jeshi likawa letu. Lakini Januari 1964 baadhi ya askari waliasi katika kambi ya Lanet, na tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya wanahewa walijaribu kuipindua serikali. Jaribio hilo lilishindwa, watu wengi wakapoteza maisha, na jeshi la wanahewa likavunjwa na kuundwa upya. Lilirudishiwa jina lake mwaka 1994. Funzo hapa ni nini? Mwanajeshi asiyetii sheria ni hatari kwa nchi yake kuliko adui wa nje.

NANI ANAWEZA KUJIUNGA?

Kuna milango zaidi ya mmoja. Mlango wa kwanza ni wa makurutu wa kawaida, wale waliomaliza kidato cha nne. Mlango wa pili ni wa mafundi wenye vyeti vya vyuo: umeme, useremala, umakanika, upishi, uuguzi na kadhalika. Mlango wa tatu ni wa kadeti, yaani wale wanaofunzwa ili wawe maofisa. Kadeti hutakiwa kuwa na alama za juu, na hesabu, Kiingereza na sayansi hutazamwa sana. Mlango wa nne ni wa wataalamu waliohitimu vyuo vikuu, kama madaktari na wahandisi. Hata makasisi na maimamu huandikwa jeshini.

Katika matangazo ya miaka ya karibuni, kurutu wa kawaida ametakiwa kuwa na sifa hizi:

1. Awe raia wa Kenya mwenye kitambulisho.
2. Awe na umri wa miaka 18 hadi 26.
3. Awe na cheti cha KCSE chenye alama iliyotajwa katika tangazo.
4. Mwanamume awe na urefu usiopungua mita 1.60 (futi 5 na inchi 3), na mwanamke mita 1.52 (futi 5).
5. Mwanamume awe na uzito usiopungua kilo 54.55, na mwanamke kilo 50.
6. Asiwe na rekodi ya uhalifu.
7. Awe na afya njema. Mwanamke asiwe mjamzito wakati wa kuandikwa wala wakati wa mafunzo.

Masharti huweza kubadilika, kwa hivyo soma tangazo la mwaka wako mwenyewe, usitegemee porojo za sokoni. Tangazo hutolewa magazetini na na Wizara ya Ulinzi. Hutaja siku na uwanja wa kila eneo. Siku hiyo huendi na barua ya mheshimiwa wala ya chifu ili upendelewe. Unaenda na kitambulisho, vyeti vyako halisi na miguu yako ya kukimbilia.

BARUA YA UONGO

Sasa nifike pale panaponiuma. Nimepewa ruhusa na wenyewe kulisimulia jambo hili.

Kaka yangu ndiye kifungua mimba wetu. Alimaliza shule akiwa na alama za kutosha, na kwa mbio hakuna aliyemshinda kijijini petu. Alienda uwanjani mwaka wake wa kwanza, akakimbia na kumaliza miongoni mwa wa mbele. Hata hivyo vijana walikuwa mamia na nafasi zilikuwa chache, akarudi nyumbani jioni. Angesubiri mwaka mwingine, kwani umri ulimruhusu. Lakini juma moja baadaye akaja mtu nyumbani kwetu, amevaa suti safi na kuongea kwa upole. Alidai ati kuna nafasi mbili zimebaki na anamjua mkubwa fulani. Alitaka shilingi 300,000.

Baba aliuza ng'ombe wetu wawili wa maziwa. Pesa hazikutosha, mama akakopa katika chama chao cha akina mama. Yule mtu alipokea pesa na baada ya siku chache akaleta barua yenye muhuri na nembo. Tulifurahi jamani! Tulichinja kuku, majirani wakaja kumwombea kaka dua ya safari.

Alipofika kwenye lango la kambi alipanga foleni pamoja na wengine. Afisa akatazama barua, akatazama orodha, akatazama barua tena. Jina halikuwamo. Kaka yangu na wenzake kadhaa waliokuwa na barua kama ile waliwekwa kando wakahojiwa kutwa nzima. Alirudi nyumbani usiku wa pili, sanduku begani, na hakusema na mtu kwa siku tatu. Simu ya yule mtu wa suti haikupatikana tena hadi leo.

Wakati huo nilikuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Wale ng'ombe ndio waliokuwa wakinilipia karo. Muhula uliofuata nikajiunga na shule hii yetu ya kutwa. Sisemi haya kwa kulalamika, maana hapa nimepata walimu na marafiki wema. Nasema ili ujue kwamba aliyeumizwa na ile barua si kaka peke yake. Mama alilipa deni la chama kwa miaka miwili.

Na tusimlaumu tapeli pekee. Baba mwenyewe amekiri mbele yetu kwamba alikosea. Chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, mtoaji na mpokeaji wote wana hatia. Nafasi ya jeshi haiuzwi. Anayekuuzia anakuuzia karatasi. Hata kama angekuwa na uwezo wa kukuingiza, fikiri kidogo: ungekuwa umempokonya nafasi mtoto wa maskini aliyekimbia na kushinda kwa haki.

Kwa hivyo shika dalili hizi za ulaghai. Mtu akikuambia kuna nafasi baada ya shughuli ya uwanjani kwisha, mkatae. Akitaka pesa za fomu, za daktari au za mkubwa, mkatae, kwa sababu kuandikwa jeshini hakulipiwi hata senti. Akikuambia usimwambie mtu, hapo ndipo umwambie kila mtu, ukianza na polisi.

MAISHA YA KURUTU

Ili nisiandike mambo ya kubuni, nilimwendea jirani yetu mmoja ambaye ni sajini mstaafu. Nilimkuta akipalilia mahindi. Nilipomwamkia "Shikamoo, babu," aliitikia, kisha akaniuliza, "Ni ukweli unautaka, mjukuu wangu, ama unataka sinema?" Nikamwambia nautaka ukweli.

Alinieleza kwamba makurutu hufunzwa huko Eldoret, katika kambi ya Moi, nao kadeti hufunzwa katika chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru. Huko kurutu huamka kabla ya jogoo. Kitanda hutandikwa mpaka shuka lisiwe na kunyanzi hata moja. Buti hung'arishwa, gwaride hupigwa juani na mvuani, na mbio hukimbiwa ukiwa na mzigo mgongoni. Nikamuuliza ni nani hushindwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Wengi waliolia kule hawakuwa wadhaifu wa misuli. Walikuwa hawajazoea kuambiwa. Mtu aliyekuwa akimjibu mama yake nyumbani, kule alipata taabu kubwa."

Nikamuuliza tena ni jambo gani lililokuwa gumu zaidi katika kazi yake yote. Nilidhani atasema risasi. Akasema ni lindo la usiku. "Kukaa macho saa nane za usiku, miezi mitatu, mahali ambapo hakuna kinachotokea, na ujue kwamba usiku utakaosinzia ndio kitatokea." Kisha akaongeza kwamba baba yake alifariki na kuzikwa yeye akiwa ng'ambo katika kazi ya kulinda amani. Alipata habari baada ya mazishi. Hapo aliinama akaendelea kupalilia, nami sikumuuliza zaidi.

Jambo lingine ambalo wengi hatulijui ni hili: ukila kiapo, baadhi ya haki zako hupunguzwa. Kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu sheria kuweka mipaka kwa mwanajeshi katika mambo kama kuandamana, kujiunga na vyama na kugoma. Mwalimu anaweza kugoma, daktari anaweza kugoma, lakini mwanajeshi hagomi. Wala huwezi kuamka siku moja ukasema umechoka, unarudi kwenu. Kutoroka jeshi ni kosa, na mwanajeshi hushtakiwa katika mahakama ya kijeshi. Usiingie jeshini kama mtu anayeingia matatu, kwamba ataambia konda "shukisha" popote.

HATARI NA HESHIMA

Hii si kazi ya kuvaa nguo za madoadoa na kupigwa picha. Oktoba 2011 majeshi yetu yaliingia Somalia katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, na mwaka uliofuata yakajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ilivamiwa na magaidi wa Al-Shabaab na wanajeshi wengi wakauawa. Januari 2017 kambi ya Kulbiyow nayo ikashambuliwa. Hata mkubwa hana kinga: tarehe 18 Aprili 2024 Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alifariki pamoja na wenzake katika ajali ya helikopta huko Elgeyo Marakwet.

Sitaji haya ili kukutisha. Nayataja kwa sababu kijana anayesema "nataka jeshi kwa sababu ya mshahara" anafaa kujua anachouza. Mshahara upo na matibabu yapo. Lakini ikiwa unachotaka ni mshahara tu, ziko kazi nyingine ambazo hazitamfanya mama yako ashtuke kila simu inapolia.

Heshima nayo ipo. Wanajeshi wa Kenya wamelinda amani Namibia, iliyokuwa ikielekea uhuru mwaka 1989, na katika nchi nyingine nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Jenerali Daniel Opande aliongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa nchini Sierra Leone na baadaye Liberia. Watoto wa huko walirudi shuleni kwa sababu kuna watu waliosimama lindo usiku.

WASICHANA JE?

Wavulana wa darasa letu walinicheka niliposimama. Mmoja akasema, "Wewe utaenda kupika." Kwanza, kupika jeshini ni kazi ya heshima, maana jeshi lenye njaa halipigani. Pili, zamani wanawake walikuwa na kikosi chao cha kando, lakini kilivunjwa mwaka 1999 wakaunganishwa na wanaume katika matawi yote matatu. Mwaka 2018 Fatuma Gaiti Ahmed alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kufikia cheo cha meja jenerali, na Mei 2024 akateuliwa kuwa kamanda wa jeshi la wanahewa. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameongoza tawi lolote la jeshi letu kabla yake. Kwa hivyo anayetaka kucheka na acheke, tutakutana uwanjani.

VITA VYA WENYEWE

Kuna mtego mwingine mpya. Mwaka 2025 habari zilienea za vijana wa Kenya walioahidiwa kazi nzuri Urusi, na walipofika huko wakajikuta katika vita vya Ukraine. Novemba mwaka huo serikali yetu ilisema kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda walikuwa wamejiunga na jeshi la Urusi. Ajenti akikuahidi kazi ya ulinzi ng'ambo na kukupa mkataba wa lugha usiyoijua, usitie sahihi. Kufia nchi yako ni jambo zito. Kufia nchi ambayo hata hujui kuisalimia kwa lugha yake ni msiba mtupu.

LA KUFANYA TUKIWA BADO SHULENI

Mimi nina miaka kumi na sita. Kabla ya kumi na nane hakuna atakayeniandika, wala sina haraka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimejiwekea haya, nawe waweza kuyaiga:

1. Soma. Cheti kizuri hufungua mlango wa kadeti na wa ufundi, na usipochukuliwa bado utakuwa na cheti.
2. Kimbia. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati, maana njia ya kuja shuleni ni uwanja wa mazoezi usiolipiwa.
3. Tunza mwili. Piga mswaki, kula vizuri, epuka pombe na bangi.
4. Jiepushe na uhalifu. Wizi wa kuku leo unaweza kukufungia lango kesho.
5. Zoea kutii bila kunung'unika na kusema kweli bila woga.
6. Uwe na njia ya pili. Wanaochukuliwa ni wachache. Jifunze ufundi, kilimo au ualimu, ili ukikosa jeshi usiikose dunia.

Kaka yangu sasa ni fundi wa pikipiki, na kazi yake inampa riziki. Nilimsomea makala haya kabla ya kumpa mwalimu, kwa kuwa niliogopa kumwaibisha. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika spana, kisha akasema, "Peleka. Pengine kuna mzazi mmoja atasoma kabla ya kuuza ng'ombe."

Basi nimeyapeleka.

MSAMIATI

Kurutu (wingi makurutu): mtu aliyeandikwa jeshini ambaye bado anafunzwa.
Kadeti: anayefunzwa kuwa ofisa wa jeshi.
Gwaride: mwendo wa askari wa kupiga hatua kwa pamoja.
Lindo: mahali au zamu ya kulinda.
Doria: kuzunguka eneo ili kuangalia usalama.
Magwanda: mavazi rasmi ya askari.
Kiapo: ahadi nzito inayotolewa mbele ya mashahidi.
Kiinua mgongo: malipo anayopewa mtu anapostaafu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja matawi matatu ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya.
2. Eleza tofauti kati ya kurutu na kadeti.
3. Ni dalili zipi tatu zinazoonyesha kwamba mtu anayekuahidi nafasi ya jeshi ni tapeli?
4. Kwa nini mwanajeshi haruhusiwi kugoma? Toa maoni yako.
5. Jadili na mwenzako: "Aliyetoa hongo na aliyepokea, ni nani mkosaji zaidi?"